Hongo, posho, mnyapara

Tulikuwa tumeshaipita Manyoni, tunaelekea Itigi, mtani wangu akapunguza mwendo bila sababu niliyoiona. Akanyoosha mkono dirishani kuelekea vichakani. "Wewe Mzaramo, hapa ndipo babu zako walipokuwa wanalia wanataka kurudi kwa mama zao." Nikamwambia babu zangu walikuwa na akili, ndiyo maana walibaki pwani wanakula pweza, wakawaachia Wanyamwezi kazi ya kubeba meno ya tembo yasiyo yao. Alicheka mpaka gari likayumba.

Kwa asiyejua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Tunaweza kutukanana msibani na hakuna wa kununa. Wazee wa pande zote mbili husema utani huu ulizaliwa njiani, enzi za misafara. Mnyamwezi aliyefia pwani, mbali na ndugu zake, alihitaji mtu wa kumzika, na mtu huyo akawa Mzaramo. Kwa hiyo mtani wangu ndiye niliyemwomba twende wote. Gari ni lake, mafuta ni yangu, na kwenye kiti cha nyuma tuliweka vitabu vinne: cha Burton, maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, nakala iliyochakaa ya *Safari za Wasuaheli*, na *Peponi* ya Gurnah. Nilitaka kuvisoma mahali vilipotokea, kutoka Dodoma hadi Ujiji, kwenye njia ambayo shuleni tulifundishwa kwa jina moja tu: njia ya watumwa.

Nilikokuwa napelekwa na jina hilo sikukujua bado. Ngoja nianze na ardhi.

Ile nchi kati ya Ugogo na Tura ndiyo watu wa misafara waliyoiita Mgunda Mkali. Leo ina lami. Unakaa na kiyoyozi chako, unaona vichaka vya Itigi vimesongamana pande zote mbili kama mtu kavifuma, kichaka baada ya kichaka, na unaanza kusinzia. Hapo ndipo inabidi ujikumbushe. Hapakuwa na maji ya kutegemea. Msafara uliondoka mchana wa jua kali na vibuyu vimejazwa, ukatembea mpaka usiku, ukalala bila kupika, ukaamka ukatembea tena. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na aliyebeba pembe za ndovu aliweza kupita hapo. Juu ya mzigo wa tajiri kulikuwa na mzigo wake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula, silaha. Mnyamwezi alibeba begani. Mtu wa pwani alibeba kichwani. Mtani wangu anaamini kwamba tofauti hiyo inaeleza kila kitu kuhusu akili za makabila yetu mawili, na ana nadharia ndefu juu yake ambayo sitaiandika hapa.

Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba, siku ya 134. Stanley mwaka 1871 alitumia siku 84 na akajisifu kwelikweli. Burton anaandika kwamba jina la Tura, kijiji cha kwanza upande wa Unyamwezi, maana yake ni "tua", tua mzigo. Sina uwezo wa kuthibitisha asili ya jina lolote barani Afrika, maana kila kijiji kina hadithi tatu, lakini hii naipenda. Pwani kuna Bagamoyo, ambako wengine husema walibwaga moyo. Huku kuna Tura. Mwanzo na mwisho wa mateso, majina yote mawili yanahusu kuweka kitu chini.

Sasa, kabla ya Mgunda Mkali kulikuwa na Ugogo, na Ugogo kulikuwa na hongo.

Leo neno hilo halihitaji maelezo. Kuna mabango ofisini yanatuambia tusitoe wala tusipokee. Lakini katika maandishi ya karne ya 19 hongo ni kitu cha hadharani kabisa. Ni ushuru wa njia. Msafara ukifika nchi ya mtemi unasimama, unatuma watu, na mazungumzo yanaanza: nguo ngapi, za aina gani, marekani ngapi, kaniki ngapi. Marekani ni ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyotoka viwanda vya Marekani, na kwa miaka mingi ilikuwa kama noti. Mazungumzo yaliweza kuchukua siku kadhaa. Wazungu wote walioandika wanalalamika. Wanawaita watemi wa Kigogo wanyang'anyi. Hata watu wa pwani wenzetu wanalalamika, ingawa kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Nilisoma sehemu hizo kwa sauti garini tulipokuwa tunaiacha Dodoma, na mtani wangu, ambaye hajasoma historia popote ila kwa bibi yake, akauliza swali ambalo Burton hakujiuliza. "Hayo maji waliyokunywa yalikuwa ya nani?"

Ndiyo hoja yenyewe. Ugogo ni nchi kavu. Visima na madimbwi vilikuwa na wenyewe waliovichimba na kuvilinda. Msafara wa watu 500 unakunywa maji ya kijiji, unakula mtama wa kijiji, halafu unaondoka na pembe ambazo faida yake italiwa Unguja, Bombay na London. Mwenye kisima akidai nguo anaitwa mwizi. Leo tunalipa ushuru bandarini, malori yanapimwa kwenye mizani, na hakuna anayeandika kitabu kuita jambo hilo ushenzi. Ila neno limebaki na doa. Sijui hasa ni lini hongo iliacha kuwa ushuru ikawa rushwa, lakini naona mantiki yake: walipokuja wakubwa wapya na kodi zao, kila aliyekuwa akitoza kabla yao akageuka mtoza haramu.

Ugomvi huohuo ndio uliovuruga Tabora yenyewe. Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, alijaribu kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamekaa nchini mwake. Wakamwondoa mnamo 1860 wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere akaingia porini akapigana vita vya kuvizia kwa miaka mitano hivi mpaka alipouawa. Halafu akaja Mirambo wa Urambo, na mwaka 1871 akaifunga kabisa njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakaenda kumpiga, na Stanley, aliyekuwa mgeni mwenye haraka, akajiunga nao eti wamalize kazi kwa siku chache. Wakachoma boma la Wilyankuru, wakabeba ngawira, wakarudi kwa furaha, Mirambo akawavizia njiani akawasambaratisha. Baadaye akaja Tabora yenyewe, akaua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akateketeza sehemu ya makazi. Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Kwa hiyo ule mkutano maarufu wa Ujiji, unaosimuliwa kila mahali, ulichelewa kwa sababu ya madai ya mtu mmoja wa Urambo kuhusu nani mwenye barabara.

Tuliingia Tabora jioni, vumbi la dhahabu hewani na miembe imefunika barabara. Na hapo ndipo nilipolipata tatizo langu.

Kila mtu atakuambia habari za miembe. Dereva wa bodaboda atakuambia, mwenye mgahawa atakuambia: watumwa walipita wakila maembe, wakatupa kokwa, miembe ikaota, ndiyo hii. Ni hadithi nzuri na ina huzuni yake, na nakiri kwamba miaka iliyopita niliwahi kuiandika kwenye insha moja kama ukweli. Sikuuliza mtu aliyefungwa mnyororo alipata wapi embe la kula na kutupa kokwa. Miembe hupandwa na watu wanaokusudia kukaa. Waarabu na waungwana wa pwani waliojenga tembe zao Unyanyembe walikuwa na mashamba, walikuwa na mipera, makomamanga, mpunga, na walipanda miembe kuzunguka makazi yao kwa ajili ya kivuli na matunda.

Hadithi ya kokwa inaeleza vizuri jinsi tulivyoamua kuiona njia nzima. Kila aliyepita alikuwa mtumwa, kila mti ni kaburi. Sisemi watumwa hawakupita. Walipita, kwa maelfu, hasa kutoka Manyema na ng'ambo ya ziwa, na Tabora na Ujiji ilikuwa miji ambamo mtu aliuzwa na kununuliwa. Wengine walifika pwani. Wengi waliishia hapahapa Unyamwezi, wakilima mashamba ya watu waliokuwa safarini. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na hiyo ni juzi. Ila waliobeba pembe na nguo kati ya Tabora na Bagamoyo, wengi wao, walikuwa watu huru wenye ajira. Wanyamwezi walikuwa wanashuka pwani na misafara yao wenyewe tangu mnamo 1800, kabla watu wa pwani hawajazoea kupanda bara. Kijana alihesabiwa mwanaume akishaiona bahari. Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu ya watu hawa, *Carriers of Culture*, kilichotoka 2006, na anawaeleza kama wafanyakazi hasa: walipatana ujira, walijua uzito halali wa mzigo, waligoma, na mambo yakizidi walitua mizigo wakaondoka.

Na hapo ndipo yanapoingia maneno yale mengine mawili. Posho. Leo posho ni ile bahasha unayosaini semina ikiisha. Njiani posho ilikuwa chakula cha siku, au kitambaa na shanga za kukinunulia, na tajiri aliyechelewesha posho aliamka asubuhi akakuta nusu ya msafara haipo. Mnyapara naye, ambaye siku hizi tunamfahamu zaidi gerezani na kwenye mashamba, alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, mtu wa kusemea wenzake na pia wa kuwasukuma. Mbele yake alikwenda kirangozi na bendera, amevaa anachotaka kuonekana nacho, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Baragumu, ngoma, nyimbo. Wanawake walikuwemo pia, wake na wapishi na wenye mizigo yao.

Mtani wangu alipenda sana sehemu hii. Kwa siku mbili nzima Tabora aliniita "mwajiri". Alidai posho ya asubuhi na ya jioni. Halafu usiku wa pili, tunakula ugali na kuku wa kienyeji, akasema kwa utani uleule: "Yaani sisi tulikuwa tunalipwa. Nyie mlikuwa mnakamatwa."

Nilicheka, kwa sababu ndiyo sheria ya utani. Lakini lilinichoma, na nitaeleza kwa nini.

Mama yangu ni wa Mkuranga. Kwenye kiti cha nyuma cha gari kilikuwemo kitabu cha Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye baba yake alikaa hapa Tabora na kuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kitabu hicho ni Kiswahili kitamu ajabu, kikavu, hakina majuto hata chembe. Kinasomeka kama daftari la biashara lenye damu. Mahali fulani mwanzoni anasimulia jinsi wapagazi wake wa Kizaramo walivyomtoroka Mkamba. Hakulalamika kama Burton. Alirudi kwenye vijiji vyao, akakamata watu, akawalazimisha kubeba, na akapewa jina la Kingugwa, jina la chui, kwa jinsi alivyowavamia huku na huku. Anasimulia hivyo kama mtu anayesimulia alivyopata usafiri.

Mkamba iko Mkuranga. Nilikuwa nimeisoma kurasa hizo mara tatu au nne kabla ya safari, nikapigia mstari sentensi nilizozipenda kwa ufasaha wake. Nilikuwa nasoma mtindo! Ilihitaji utani wa mezani ndipo nione kwamba hao "watu" wa kwenye sentensi wangeweza kuwa ukoo wa bibi yangu. Hawakuwa wapagazi kama Wanyamwezi, wenye mnyapara na posho, na hawakuwa watumwa kwa maana ya kuuzwa. Walikuwa wakulima waliochukuliwa mashambani. Kwenye lile jina la "njia ya watumwa" hawamo, na kwenye simulizi ya fahari ya mpagazi huru hawamo pia.

Sikumwambia mtani usiku ule. Nilimwambia kesho yake, njiani kwenda Kwihara. Alinyamaza kwa mwendo kidogo, akasema, "Basi nitakuzika vizuri." Kwa utani wetu, hiyo ni pole.

Kwihara si mbali na mji. Unaacha lami, unapita mashamba ya mihogo na karanga, unafika kwenye tembe pana ya udongo, paa lililolazwa, mlango wa mbao uliochongwa. Hapa Stanley na Livingstone walikaa pamoja Februari na Machi 1872, baada ya Ujiji. Stanley akaondoka Machi 14 kwenda pwani. Livingstone akabaki kumsubiri amtumie wapagazi, akasubiri mpaka Agosti. Tembe inamhusu yeye, picha zinamhusu yeye. Sawa. Ila mimi nilikuja kwa ajili ya kilichopita hapa mwaka uliofuata.

Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika na kwenda zao. Walizika moyo chini ya mti, wakakausha mwili, wakauzungushia gome la mti na turubai, wakaufunga kwenye mti wa kubebea, wakaanza kutembea kuelekea pwani. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi. James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka kwa wauza watumwa akiwa mtoto. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa India, aliyekuwa na kalamu na aliandika. Halima, mpishi. Na wengine makumi. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, afisa wa Kiingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, akiwa mgonjwa. Cameron aliwashauri wamzike hapahapa, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipende hadithi hii kuliko mambo yote ya Stanley. Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa maiti kupita nchini mwao, na ukishasoma habari za njia hii unaelewa: maiti ya mgeni ni hatari, haina hongo yake. Basi wale watu wakafanya baraza usiku. Wakachukua mabua ya mtama wakayafunga yakawa kama maiti, wakayavika nguo, wakatoa watu sita wakayabebe kurudi Unyanyembe kana kwamba wamekubali kwenda kuzika huko. Waliporudi mbali ya kutosha, wale sita wakatawanya mabua porini, moja moja, wakarejea usiku kwa siri. Na maiti ya kweli? Waliitoa kwenye gome, wakaifunga upya, wakaipa umbo la robota la nguo. Ikapita Ugogo kama mzigo wa biashara kati ya mizigo mingine.

Fikiria ujuzi unaohitajika hapo. Mtu ambaye hajawahi kufunga robota asingeweza kudanganya jicho la Mgogo ambaye kazi yake ni kuyatazama marobota yakipita. Hii ilikuwa hila ya wenye taaluma. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi. Kutoka hapo mzigo wakachukuliwa. Maiti ikaenda na meli, na Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri nayo na kushika jeneza Westminster Abbey mwezi wa Aprili. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita, wakasaidia kuhariri shajara za mwisho za bwana wao. Jiwe la kaburi linasema aliletwa na mikono ya uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono, bila majina.

Nilimwuliza mtani angekuwa mmoja wao angefanya nini. Akajibu bila kufikiri: "Ningeuliza posho kwanza." Baada ya hatua chache akaongeza, "Halafu ningebeba."

Kutoka Tabora kwenda magharibi tulikwenda upesi, na hapa nami nitakwenda upesi. Urambo ni tumbaku sasa, mabanda ya kukaushia yanakula miombo, na nyuki wa asali ya Tabora wanasogea mbali zaidi. Baada ya vita vya pili Waingereza walikuja kulima karanga hapa kwa matrekta, kama walivyofanya Kongwa na Nachingwea, na mradi ukafa ndani ya miaka michache. Mirambo angewadai ushuru wa karanga. Alikufa Desemba 1884 na dola yake haikudumu baada yake. Isike wa Unyanyembe alidumu kidogo zaidi. Wajerumani walipoingia ngome yake Januari 1893 alijilipua kwenye ghala la baruti. Reli ya kati ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na ungedhani kazi ya mpagazi imeisha siku hiyo.

Haikuisha, na hapa lazima nisimame kidogo. Vita vya kwanza vilipoanza, majeshi yote, ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji waliouteka Tabora Septemba 1916, yalihitaji mabega kuliko bunduki. Wapagazi wakakusanywa kwa nguvu, mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao wakafa kwa njaa na kuhara. Kitengo cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Sisi tukakiita Kariakoo. Kila Mdar es Salaam anayekwenda Kariakoo kununua mashuka analitamka jina hilo bila kujua. Mnyamwezi aliyekuwa akipatana ujira, akigoma, akimwacha tajiri na mizigo yake porini, mjukuu wake akakamatwa kama Mzaramo wa Mkamba. Nilimsomea mtani hilo tukiwa tunakaribia Kaliua. Hakuwa na jibu, na mimi sikutaka kushinda.

Malagarasi tulivuka kwa daraja, dakika moja. Zamani ilikuwa mitumbwi, na mwenye kivuko alipandisha bei mkiwa katikati. Uvinza bado wanatoa chumvi kwenye chemchemi zilezile ambazo misafara ilisimama kununua.

Usiku wa mwisho kabla ya Ujiji nilimsomea Selemani bin Mwenye Chande. Huyu ni mtu wa pwani aliyesimulia safari yake ya biashara mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Carl Velten akaichapisha ndani ya *Safari za Wasuaheli* huko Göttingen mwaka 1901. Kuna njaa humo, hongo, hofu, mali inayopotea, na mtu anayesimulia bila kujifanya shujaa. Wahakiki wameonyesha kwamba Abdulrazak Gurnah alichota kwenye simulizi hiyo alipoandika *Paradise* mwaka 1994, msafara wa Ami Aziz na mnyapara wake Mohammed Abdalla, na yule Chatu anayewateka. Mwaka 2022 riwaya hiyo ikaja kwetu kama *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo safari ya Selemani ilitoka kwa Kiswahili, ikapita Ujerumani, ikazunguka kwa Kiingereza, ikarudi nyumbani baada ya miaka 121. Na neno mnyapara, ambalo kwenye Kiingereza cha Gurnah lilibaki kama lilivyo, likaingia tena kwenye Kiswahili bila hata kuvua viatu.

Mtani alisikiliza kurasa kadhaa. Kisha akauliza kama Selemani ametaja majina ya wapagazi wake. Tukatafuta pamoja kwa tochi ya simu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka chaji ikafika asilimia tisa.

Ujiji tulifika saa nne asubuhi. Kuna mnara, kuna miembe ambayo wenyeji husema ni vizazi vya ule mwembe wa Stanley na Livingstone, kuna ziwa ambalo zamani lilifika karibu na hapo na sasa liko mbali kidogo. Mtani alizima gari, akashuka, akajinyoosha mgongo, akafungua buti, akatoa begi langu la vitabu akaliweka chini kwenye kivuli.

"Tura," akasema, na kunyoosha kiganja.

Nikampa elfu kumi. Akaitazama, akaitia mfukoni, akauliza ya jana iko wapi.